Tani 160 kwenye karatasi, tani 41 kwenye mizani: kisa cha ombi la ruzuku ya taka

Halmashauri ya mji wenye wakazi 180,000 inaandika andiko la mradi kuomba ruzuku ya kupunguza taka na kuanzisha urejelezaji. Inaomba mtambo wa kuchambua tani 60 kwa siku, malori 5 mapya na kampeni ya elimu kwa umma. Inaahidi kwamba ndani ya miaka 3 asilimia 40 ya taka za mji hazitafika dampo. Andiko lina picha nzuri, barua ya meya na kurasa 70. Linakataliwa katika hatua ya kwanza ya uchambuzi wa kitaalamu. Miezi 11 baadaye mji uleule unawasilisha ombi dogo zaidi, lenye ahadi ya asilimia 8, nalo linapita.

Mji huu hauna jina kwa sababu ni mfano. Tarakimu zake zimewekwa ili msomaji aone hesabu inavyokwenda na aweke za mji wake mahali pake. Makosa yaliyomo si ya kubuni: hayo hurudiwa katika maombi mengi ya aina hii, na karibu yote yana mzizi mmoja. Ombi liliandikwa kabla ya taka kupimwa.

Tani 160 zilitoka wapi

Ukurasa wa 6 wa andiko la kwanza ulisema mji unazoa tani 160 kwa siku. Mchambuzi aliuliza swali moja tu: zimepimwa vipi? Hazikupimwa. Idara ya usafi ilichukua malori 8, ikayazidisha kwa safari 5, kisha kwa tani 4 ambazo lori linaruhusiwa kubeba kwa mujibu wa kadi yake. Jibu ni 160, na kila tarakimu katika kuzidisha huko ina kasoro. Malori 2 kati ya 8 yalikuwa yamekaa gereji. Safari 5 ni ratiba iliyobandikwa ukutani, ilhali foleni, umbali wa dampo na kusubiri kupakua huacha nafasi ya safari 3. Na lori la wazi lililojaa mifuko, katoni na matawi linaweza kuonekana limefurika huku limebeba nusu ya uzito wake.

Kupima kulichukua siku 7. Mji haukuwa na mizani ya magari, na huo si udhuru. Kiwanda chochote kinachopokea mizigo kwa uzito huwa nayo, na barua ya halmashauri pamoja na ada ndogo kwa kila gari hutosha. Kila lori hupimwa likiwa limejaa na likiwa tupu, kila siku. Uzito wa lori tupu hubadilika kwa mafuta, matope na idadi ya vibarua walio juu yake, kwa hiyo kutumia uzito mmoja wa lori tupu kwa wiki nzima ni kujidanganya kwa kilo mia kadhaa kila safari. Safari 126 za wiki hiyo zilitoa wastani wa tani 2.3. Ukizidisha na kugawa kwa 7 unapata tani 41.4 kwa siku.

Hizo ndizo zinazozolewa. Zinazozalishwa ni suala jingine, na hapa ndipo maombi mengi huchanganya mambo mawili. Kwa kupima uzalishaji wa majumbani njia inayokubalika sana leo ni ile ya UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, iitwayo Waste Wise Cities Tool, iliyoundwa kusaidia miji kukokotoa kiashiria 11.6.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu. Huchaguliwa kaya 90: 30 za kipato cha chini, 30 za kati, 30 za juu. Kila kaya hupewa mifuko yenye namba na hukusanyiwa taka kwa siku 8 mfululizo. Taka za siku ya kwanza hupimwa na kutupwa nje ya hesabu, kwa kuwa siku hiyo watu hutoa takataka zilizolala ndani muda mrefu. Idadi ya watu huhesabiwa kwa waliolala nyumbani, si kwa walioandikwa kwenye orodha ya mtaa. Wastani wa mfano wetu ni kilo 0.5 kwa mtu kwa siku, yaani tani 90. Masoko, ofisi, shule, maduka na nyumba za wageni, zilizopimwa kando, ziliongeza tani 27. Jumla: tani 117.

Sasa picha imebadilika kabisa. Mji unazalisha tani 117 na unazoa 41.4, ambayo ni asilimia 35. Andiko la kwanza liliahidi kuondoa asilimia 40 ya tani 160, yaani tani 64 kwa siku, nyingi kuliko zote zinazofikiwa na malori. Mtambo wa tani 60 ungekaa karibu theluthi moja tupu hata kama kila kilo iliyozolewa ingepitishwa ndani yake. Mchambuzi hakuhitaji kusoma kurasa 64 zilizobaki.

Ndani ya mfuko mna nini

Uzito bila mchanganuo hausaidii kuchagua teknolojia. Baada ya kupima jumla, taka za kila kundi la kipato humwagwa kwenye turubai, hukorogwa kwa koleo na kugawanywa mafungu 4. Mafungu 2 yanayotazamana huondolewa, yanayobaki hukorogwa tena, na kazi huendelea hivyo hadi ibaki sampuli ya takriban kilo 100. Ndipo mikono inaanza kuchambua: mabaki ya jikoni, taka za bustani, karatasi na katoni, plastiki laini, plastiki ngumu, metali, kioo, nguo na viatu, mbao, taka hatarishi, vitu vya mchanganyiko, na mengineyo. Wanaochambua wanahitaji glavu zisizotobolewa na sindano, buti, barakoa na chanjo ya pepopunda, na gharama hiyo iingie kwenye bajeti ya upimaji. Kuwapa vibarua glavu za mpira za kuoshea vyombo ni kuwaumiza watu kwa ajili ya jedwali.

Katika mfano wetu asilimia 58 ni taka zinazooza. Hilo linaendana na picha ya dunia: Benki ya Dunia katika ripoti yake ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba taka za chakula na majani ni asilimia 44 ya taka za miji duniani kote, na katika nchi za kipato cha chini huzidi nusu. Plastiki ngumu, karatasi, metali na kioo kwa pamoja vilikuwa asilimia 19. Andiko la kwanza lilikuwa limeweka karibu fedha zote kwenye hiyo asilimia 19 na kuiacha 58 karibu bila kuigusa. Sababu inaeleweka, maana mtambo wenye mikanda na chupa zinazong'aa hupendeza kwenye picha kuliko tuta la mboji. Hata hivyo, uzito uko kwenye tuta.

Taka zenye maji mengi zina matokeo mengine ambayo andiko la kwanza halikuyaona. Malori 5 yaliyoombwa yalikuwa ya kushindilia. Lori la aina hiyo lilibuniwa kwa ajili ya taka kavu na nyepesi za vifungashio, ambazo hupungua ujazo sana zikibanwa. Taka mbichi zenye kilo 300 hadi 500 kwa mita ya ujazo tayari zimejishindilia zenyewe. Ukizibana, maji machafu huchuruzika barabarani, mchanga husaga sili za haidroliki, na gari zito huharibu vichochoro visivyo na lami. Unalipa bei kubwa kununua kazi ambayo taka zako hazihitaji.

Urejelezaji ambao andiko liliuita sifuri

Hili ndilo kosa linalouma zaidi. Kwenye kisanduku cha hali ya kuanzia, andiko liliandika: kiwango cha urejelezaji, asilimia 0. Lakini dampo la mji lina waokota taka wapatao 140. Kila mmoja, kwa wastani wa mfano huu, hutoa kilo 25 za chupa, vyuma, katoni na plastiki ngumu kwa siku na kumuuzia mnunuzi anayesubiri getini. Hiyo ni tani 3.5 kwa siku, karibu asilimia 3 ya taka zote za mji, bila halmashauri kutumia chochote. Wanunuzi wenyewe wana daftari. Kuwafuata na kuomba kuona uzito wa miezi 3 ni kazi ya siku mbili.

Kuandika sifuri kuna madhara matatu. Kwanza ni uongo ambao ukaguzi wa nusu ya mradi utaufichua. Pili, mradi ukizuia chupa zisifike dampo na kuzipeleka kwenye mtambo wa halmashauri, tani zitahesabiwa kama mafanikio mapya ilhali zimehamishwa tu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Tatu, watu 140 watakuwa wamepoteza riziki. Mfadhili anayefuata Viwango vya Mazingira na Jamii vya Benki ya Dunia, vilivyoanza kutumika Oktoba 2018, anaweza kukipeleka kipengele hicho chini ya kiwango cha 5, kinachohusu si uhamishaji wa makazi pekee bali pia watu kupoteza njia zao za kuishi. Mradi usio na mpango wa kurejesha kipato chao husimama hapo.

Kuna miji iliyoonyesha njia. Pune, nchini India, inafanya kazi na ushirika wa waokota taka uitwao SWaCH, unaozoa taka zilizotenganishwa nyumba kwa nyumba huku kaya zikiulipa ada. Bogotá ilianza mwaka 2013 kuwalipa waokota taka kulingana na uzito wanaourejesha sokoni. Andiko la pili la mji wetu lilifuata mantiki hiyo: badala ya mtambo wa halmashauri unaoshindana na watu, liliomba paa, meza za kuchambulia, mizani 3 na mashine moja ya wima ya kufunga marobota, vyote vitumiwe na kikundi kilichosajiliwa chini ya mkataba wa miaka 5.

Kufunga marobota kunaonekana jambo dogo, lakini ndipo kipato kinapobadilika. Chupa za maji zisizobanwa zina kilo 20 hadi 25 tu kwa mita ya ujazo. Lori la mita za ujazo 30 likizijaza linabeba chini ya tani moja, na nauli ya safari ndefu hula bei yote. Ndiyo maana muokotaji mmoja mmoja hulazimika kumuuzia dalali wa getini. Marobota huruhusu lori kujaa kwa uzito. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba kiwanda kinataka lori zima la aina moja. Ikiwa chupa angavu ni moja ya tano ya tani 4.2 zitakazopita kituoni kila siku (3.5 za waokota taka na 0.7 za mitaa ya mradi, zinazohesabiwa hapa chini), itachukua takriban siku 12 kukusanya tani 10. Kwa hiyo kituo kinahitaji ghala lenye paa kwa ajili ya marobota ya wiki mbili ya kila aina, pamoja na fedha za mzunguko za kuwalipa wachambuzi kabla mnunuzi hajalipa. Vikundi vingi havifi kwa kukosa soko. Hufa katika siku hizo 12.

Hesabu mpya ya ahadi

Andiko la pili lilianzia mitaa 3 yenye wakazi 24,000 na masoko makuu. Taka za majumbani za mitaa hiyo ni tani 12 kwa siku. Si kila kaya itatenganisha, na inayotenganisha haitatenganisha kila kitu. Waandishi waliweka ushiriki wa asilimia 50 na usahihi wa asilimia 70, ambavyo vikizidishwa hutoa asilimia 35. Watu husahau kuzidisha hivi viwili na kuandika 70 peke yake.

Taka zinazooza: tani 12 mara 0.58 mara 0.35 ni tani 2.4. Masoko yanatoa tani 8 za majani, maganda na matunda yaliyoharibika, ambazo ni safi kuliko za majumbani na zinapatikana sehemu chache. Hapo asilimia 75 ni lengo la kweli, yaani tani 6. Taka kavu: tani 12 mara 0.19 mara 0.35 ni tani 0.8, na ukiondoa asilimia 15 ya mabaki yasiyouzika zinabaki karibu 0.7. Jumla ni tani 9.1 kwa siku, sawa na asilimia 8 ya tani 117.

Kutoa mabaki si ukali wa kupita kiasi. Umoja wa Ulaya ulipobadilisha sheria yake ya taka mwaka 2018, uliamua kwamba kinachohesabiwa ni taka zinazoingia kwenye mchakato halisi wa urejelezaji, si zilizokusanywa. Mfadhili makini ataangalia palepale, kwa hiyo afadhali uanze wewe.

Namba 8 iliogopesha baraza la madiwani. Walihofia kuonekana wadogo mbele ya miji mingine inayoahidi 30 au 50. Lakini mchambuzi anasoma namba pamoja na njia ya kuifikia, na asilimia 8 inayoweza kupimwa getini ina uzito kuliko 40 isiyo na mizani.

Mboji, eneo na gesi

Andiko la kwanza lilitenga mita za mraba 1,200 kwa ajili ya mboji, bila hesabu. Tuifanye. Tani 8.4 kwa siku (2.4 za majumbani na 6 za masoko), kwa tani 0.5 kwa mita ya ujazo, ni karibu mita za ujazo 17. Ongeza theluthi moja ya matawi yaliyokatwakatwa au maranda ya mbao, kwa sababu majani mabichi peke yake hulala kama tope na kukosa hewa. Sasa ni mita za ujazo 22 hivi. Tuta lenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 1.5 lina takriban mita za ujazo 3 kwa kila mita ya urefu, kwa hiyo kila siku inahitaji mita 7.3 za tuta. Kwa siku 60 za kuiva ni mita 440. Ukiweka njia ya mita 2.5 ya trekta kati ya matuta, unafika mita za mraba 2,400. Matuta hunywea na yanaweza kuunganishwa, hilo ni kweli, lakini bado unahitaji sehemu ya kupokea, ya kukomaza, ya kuchekecha na ya kuhifadhi. Waandishi waliweka mita za mraba 5,000, sakafu ngumu yenye mwinamo wa asilimia 2 na bwawa la kupokea majimaji. Ukubwa wa bwawa hukokotolewa kwa mvua kubwa ya siku moja, si kwa wastani wa mwaka.

Vigezo vya uendeshaji viliandikwa kwa ufupi, kama inavyopasa: uwiano wa kaboni na naitrojeni wa 25 hadi 30 kwa 1, unyevu wa asilimia 50 hadi 60, joto lisilopungua nyuzi 55 kwa siku 15 huku tuta likigeuzwa mara 5 ili kuua vimelea na mbegu za magugu. Vifaa ni kipimajoto chenye mkono wa mita 1 na mkono wa binadamu: ukifinya konzi ya mboji, ishikamane na itoe tone moja au mawili. Maji yakitiririka, ongeza matawi. Ikimomonyoka, mwagilia.

Kinachoua vituo vya mboji ni vipande vya kioo na plastiki. India ilijenga mitambo mikubwa ya mboji ya taka mchanganyiko miaka ya 1970, na mingi ilifungwa kwa sababu gharama zilikuwa kubwa na mboji chafu haikupata wanunuzi. Ndiyo maana andiko la pili lilianza na masoko, likaweka sharti kwamba mzigo wenye mifuko mingi unakataliwa getini na kupelekwa dampo, na likaambatisha barua za wanunuzi zinazotaja kiasi, ubora na kipindi. Tani 2,520 zikiingia kwa mwaka wa siku 300 za kazi, hutoka takriban tani 750 hadi 1,000 za mboji. Barua inayosema "tunaunga mkono mradi huu" haijanunua hata gunia moja.

Upande wa tabianchi, andiko la kwanza lilisema mradi "utapunguza sana hewa ukaa". Hilo halina alama. Miongozo ya mwaka 2006 ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, inatoa hesabu inayokaa kwenye mistari mitatu. Tani moja ya taka za chakula ina kaboni inayooza tani 0.15. Nusu yake huoza kweli. Dampo lisilosimamiwa lenye kina cha mita 5 au zaidi lina kigezo cha 0.8. Nusu ya gesi ni methani, na uzito hurekebishwa kwa 16 juu ya 12. Zidisha: 0.15 × 0.5 × 0.8 × 0.5 × 1.33 ni kilo 40 za methani kwa tani. Kwa kuwa methani, kwa kipindi cha miaka 100, hupasha dunia joto mara 27 ya kaboni dioksidi, ni tani 1.08 za kaboni dioksidi linganifu. Mboji nayo hutoa gesi: kilo 4 za methani na kilo 0.24 za nitrasi oksaidi kwa tani, jumla takriban tani 0.17. Faida halisi ni karibu tani 0.9 kwa kila tani, au tani 2,280 kwa taka za mwaka mmoja.

Mambo mawili hukosewa hapa. Dampo likiwa na kina kisichofika mita 5, kigezo ni 0.4, si 0.8, na faida hushuka hadi chini ya nusu, karibu tani 920. Pima kina kabla ya kuandika. Halafu, methani hiyo isingetoka yote mwaka wa kwanza. Taka huoza kwa miaka, kwa hiyo jedwali la mwaka kwa mwaka lazima lifuate mtiririko wa kuoza. Ukiiweka yote mwaka wa 1, mtaalamu ataona mara moja.

Fedha: za kununua na za kuendesha

Bajeti ya kwanza iligawanyika hivi: magari na mitambo asilimia 84, jengo 9, elimu 3, usimamizi 3, ufuatiliaji 1. Bajeti ya pili: sakafu, paa na mifereji 34, mashine 21, vifaa vya kukusanyia 12, elimu na kufuatilia kaya 13, mizani na takwimu 6, usimamizi 7, dharura 7. Tofauti inayohitaji maelezo iko kwenye elimu, na sababu yake si mabango. Fedha hizo zinalipa watu wa kupita mlango kwa mlango kwa miezi 6, kufungua ndoo na kueleza kosa papo hapo. Kaya huacha kutenganisha siku inapoona ndoo mbili zimemwagwa kwenye lori moja. Hakuna tangazo la redio linalorudisha imani hiyo, kwa hiyo ratiba ya magari ilitenganishwa kwa siku: taka zinazooza Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kavu Jumamosi.

Swali gumu ni la mwaka wa 4, ruzuku ikishaisha. Chukua gharama za uendeshaji za mwaka kuwa 100: mishahara 52, mafuta 18, matengenezo 14, umeme na maji 6, akiba ya kubadilisha mashine 10. Hiyo 10 ya mwisho ndiyo hufutwa kwanza, na ndiyo inayofanya trekta lisimame miaka 5 baadaye. Mapato: mauzo ya mboji 12, ada ya kikundi kutumia mashine 8. Basi. Asilimia 80 lazima itoke kwenye ada ya taka na bajeti ya halmashauri.

Rasimu moja ilijaribu kuziba pengo kwa kuandika "akiba ya usafirishaji". Tani 9.1 zisizokwenda dampo ni sawa na safari 4 za lori kwa siku, kwa hiyo mafuta yataokolewa. Lakini ukurasa mwingine wa rasimu hiyohiyo ulisema malori yatakayopata nafasi yatapelekwa mitaa isiyohudumiwa. Safari haziwezi kupungua na kuhamishwa kwa wakati mmoja. Waandishi walichagua kuhamisha, wakafuta akiba. Kwa mji unaoacha asilimia 65 ya taka zake mitaani, huo ndio uamuzi sahihi.

Bei ya marobota ilichukuliwa wastani wa miezi 36, ikapunguzwa robo. Somo la karibu ni la China, iliyokuwa mnunuzi mkuu wa taka za dunia. Mwanzoni mwa 2018 ilizuia aina 24 za taka, na kuanzia Machi mwaka huo ikaweka kikomo cha uchafu cha asilimia 0.5 kwa nyingi ya zile zilizobaki. Programu zilizopangwa kwa bei za kabla ya hapo zilijikuta zikilipa ili karatasi zao zichukuliwe.

Viambatisho vilivyofanya kazi

Mchango wa halmashauri ulikuwa asilimia 15, sehemu kubwa ikiwa ardhi na mishahara. Mchango usio wa fedha hukubalika ukithaminiwa na kuthibitishwa: hati ya kiwanja, tathmini ya mthamini, barua za uteuzi wa watumishi zenye asilimia ya muda wao. Andiko la kwanza lilitaja kiwanja ambacho kilikuwa na kesi ya mpaka. Safari hii, mwanasheria alikagua hati kabla mchoro haujaanza.

Azimio la baraza liliambatishwa pamoja na muhtasari wa kikao na kifungu cha bajeti cha mwaka wa 4 na wa 5. Barua ya meya haitoshi, kwani meya hubadilika, kifungu kilichopitishwa hakibadiliki kirahisi. Tathmini ya athari kwa mazingira ilianza miezi 5 kabla ya tarehe ya mwisho. Ratiba ya manunuzi iliachiwa miezi 8 tangu kusaini mkataba hadi mashine kufika, si miezi 2 iliyokuwa kwenye andiko la kwanza.

Halafu mtiririko wa fedha. Ruzuku nyingi hulipwa kwa awamu, au hurejesha fedha ambazo mji umeshatumia na kuonyesha risiti. Matumizi ya kabla ya kusaini mkataba kwa kawaida hayarejeshwi, na kodi mara nyingi haikubaliki kama gharama ya mradi. Mhazini aliandaa jedwali la mwezi kwa mwezi lililoonyesha kwamba mwezi wa 9 mji ungekuwa umetanguliza sehemu ya 22 kati ya 100 za fedha za mradi, na baraza likatenga kiasi hicho mapema. Mji usio na jedwali hilo husimamisha ujenzi katikati, mkandarasi hudai fidia, na fidia hailipwi na mfadhili.

Awamu ya kwanza ya malipo haikuwa na mashine hata moja. Ilikuwa na mizani ya magari kwenye lango la dampo, karani 2 wa zamu, na fomu yenye safu 7: tarehe, saa, namba ya gari, ilikotoka taka, uzito likiwa limejaa, uzito likiwa tupu, sahihi. Awamu ya pili, ya sakafu na mashine, ilifungwa kwa sharti ambalo halmashauri yenyewe ililipendekeza: siku 90 mfululizo za fomu hizo, zikiwa zimejazwa zote.